Koti la Askari wa Saruji

Orodha ilifika mezani kwangu Jumatatu asubuhi, imeandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi nne za daftari la shule. Bosi wangu, mtu mpole aliyekunywa chai tangu anaingia ofisini mpaka anatoka, aliiweka juu ya mashine yangu ya chapa akasema haya ndiyo majina ya mnara, piga nakala tatu, leo hii. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale Sumbawanga, na nilijulikana kwa mambo mawili, vidole vyepesi na mdomo mbaya. Nilianza kupiga bila kusoma, maana mpiga chapa aliyezoea husoma kwa vidole, kichwa kinakuwa kimeshakwenda sokoni. Nilipofika jina la kumi na nne vidole vikasimama. Lilikuwa jina la baba yangu.

Mwandiko niliujua. Ulikuwa wa baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa akiishi Mpui na aliyepewa kazi ya kukusanya majina ya watu wa upande ule waliokwenda vita ya Uganda wasirudi. Majina mengine yote alikuwa ameyaandika harakaharaka, lakini la kaka yake alilipitia tena na tena mpaka karatasi ikang'aa. Niliitoa karatasi kwenye mashine, nikakunja orodha nzima, nikaitia kwenye mkoba. Bosi alipouliza nilimwambia utepe umekwisha wino. Hakuwa mtu wa kufuatilia.

Baba aliondoka nikiwa na miaka minane, mvua za kwanza zilipokuwa zinanyesha na watu wako mashambani wanapanda. Alikuwa mgambo. Waliitwa kijijini Mpui kwa filimbi, wakaandikwa, wakapewa siku mbili za kuaga. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni amevaa koti lake, koti zito la sufu la rangi ya majivu ambalo babu alirudi nalo kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kimekatika tangu zamani na hakuna aliyewahi kupata kingine cha kufanana nacho. Alilivua, akamfunika nalo mama mabegani. Alisema amesikia huko wanakokwenda ni joto, na mama ndiye atakayelima kwenye mvua. Halafu akapanda lori. Mimi nilikuwa nalia kwa sababu nilitaka na mimi kupanda lori.

Vita ikaisha. Waliorudi walirudi kwa malori vilevile, kwa barabara ya Mbeya, na mama alikuwa akienda kusimama barabarani kila aliposikia kuna lori linakuja. Baadaye alifika nyumbani mwanamume mmoja wa Chala aliyekuwa kikosi kimoja na baba. Alikaa kwenye kigoda, akakataa uji, akasema mara ya mwisho alimwona baba akivuka mto, maji kifuani, bunduki ameishika juu ya kichwa.

"Alikuwa mzima?" mama aliuliza.

"Mzima kabisa, mama."

Yule bwana alisema vile kwa kutaka kumtuliza tu, nina hakika. Lakini mama aliishi kwa neno hilo miaka yote iliyofuata. Serikali ilipoleta barua kwamba baba hajulikani alipo, alisema hata yeye hajui alipo, hawakuwa na haja ya kupoteza karatasi.

Wakubwa wa ukoo walitaka kukaa msiba. Kwetu mtu aliyepotea mbali anaweza kuliliwa bila maiti, watu wakalala nje, moto ukawashwa, siku zikahesabiwa kama kawaida. Ila lazima mke akubali kushuka chini, akae kwenye mkeka wa wafiwa. Mama alikataa mkeka. Walikuja na mkeka mara ya kwanza, akawapikia wakala. Walikuja nao mara ya pili, akawapikia tena. Mara ya tatu alifunga mizigo, akarudi kwao Mollo na mimi nyuma yake, na koti ndani ya furushi la khanga. Kila kiangazi alilitoa, akalianika juani, akalikung'uta, akalirudisha kwenye msumari wake nyuma ya mlango.

Ninaeleza haya yote nikijaribu kumtendea haki, kwa sababu wakati ule sikumtendea. Mimi sina subira, nilizaliwa hivyo, miguu yangu haitulii hata nikiwa kanisani. Na nyumbani kwetu kila kitu kilisubiri. Nyumba haikuezekwa bati kwa sababu baba angependa kuchagua mwenyewe. Shamba la Mpui halikugawanywa. Mwalimu mmoja kijana alikuja kunichumbia, mama akampokea vizuri, akamwambia asubiri baba wa binti arudi. Yule kijana alisubiri miezi mitatu, kisha akaenda kuoa Laela. Nililia wiki nzima, si kwa ajili yake hasa. Nilimlilia mtu ambaye sikujua kama yupo au hayupo, na nilimchukia kwa kutokuamua.

Huko nje dunia ilikuwa inakimbia. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa sabuni za rangi tatu, marobota ya mitumba yalifunguliwa hadharani sokoni watu wakigombania mashati, na wafanyabiashara walikuja na malori yao kununua mahindi mlangoni kwa mkulima. Watu walijenga, walihama, walifilisika, wakajenga tena. Mimi nilikuwa napiga chapa barua za watu wanaoomba leseni za mabasi na mashine za kusaga, na jioni narudi Mollo kwenye nyumba ambayo saa yake ilisimama siku lori lilipoondoka.

Ndipo wakubwa wa mji walipoamua kwamba sisi nasi tuwe na mnara wa kumaliza vita. Miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita. Nadhani kuna mmoja wao alikwenda mahali akaona wenzetu wanao. Wakaunda kamati, kamati ikaleta fundi kutoka Kyela.

Fundi huyo alikuwa mtengeneza misalaba ya makaburi na simba wa kukaa kwenye milango ya nyumba za wageni. Simba mmoja aliwahi kumtengeneza pale mjini, na watoto walikuwa wakimpigia miluzi wakidhani ni mbwa. Alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, aliyevaa masweta mawili mchana wa jua kali. Kwao Kyela ni joto, na upepo wa Ufipa, ule unaoshuka kutoka milima ya Mbizi ukapita uwandani bila kizuizi, ulimtesa kweli. Alisema baridi ya kwetu haina adabu, inaingia hadi ndani bila kubisha hodi.

Kamati ilitaka askari anayeshambulia, bunduki mbele, mdomo wazi. Fundi akawauliza, huu mnara ni wa mwanzo wa vita au wa mwisho? Walitazamana. Akawaambia kama ni wa mwisho, basi mtu huyu anarudi nyumbani, na mtu anayerudi nyumbani hakimbii na hapigi kelele, anatembea. Hivyo likatengenezwa sanamu la askari aliyeweka mguu mmoja mbele, bunduki imening'inia begani mdomo chini, uso ameuelekeza mjini, mgongo kwenye barabara ya Mbeya. Buti za jeshi fundi hakuwa nazo za kuigia. Akaigia mabuti ya mpira ya mlinzi wa ofisi, yale ya kulimia kwenye tope, na mpaka leo askari wetu amevaa mabuti ya mpira.

Alipofika kiwiliwili akakataa kuendelea. Alisema hakuna mtu anayeingia Sumbawanga bila koti, na yeye hawezi kutoa mikunjo ya nguo kichwani, lazima aione. Alikuja ofisini nimpigie chapa barua ya kuomba koti la kijeshi kutoka stoo. Jibu lilikuja kwamba stoo haina koti. Nilisimulia nyumbani kwa kucheka, kwamba serikali nzima imekosa koti la kumwazima mtu wa saruji. Mama alikuwa anachambua maharage. Hakucheka.

Kesho yake mchana, mimi na bosi tukiwa dirishani, tulimwona anakuja kutoka upande wa Mollo na furushi kichwani. Nilitoka mbio. Nilimkuta ameshafika kwa fundi, chini ya jukwaa la miti.

"Shikamoo, mama," fundi alisema akishuka.

"Marahaba. Nimesikia unatafuta koti."

"Natafuta, mama. La kuazima tu. Siku chache."

Mama alifungua furushi. Harufu ya nyumba yetu ilitoka pale katikati ya barabara, moshi na dawa ya mende.

"Kifungo cha pili hakipo," alisema. "Usikiweke."

"Nisikiweke?"

"Litengeneze kama lilivyo."

Fundi aliweka mikono yote miwili mbele kulipokea, kama anayepokea mtoto. Mimi nilimsindikiza mama kurudi. Njiani nilimuuliza mama ni kwa nini amefanya vile. Alisema mtu yule alikuwa anasikia baridi. Mpaka leo sijui alimaanisha fundi au sanamu.

Basi mjue kwamba wakati orodha inafika mezani kwangu, tayari askari wa saruji alikuwa amevaa koti la baba yangu, mkunjo kwa mkunjo, na pengo la kifungo cha pili. Ndiyo maana nilidhani mambo yamekwisha. Nilidhani mama ameanza kukubali na amekosa tu namna ya kutamka. Jioni ile nilitandika zile karatasi nne mbele yake, juu ya ungo, nikaweka kidole kwenye jina.

Mama alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima. Alisoma midomo ikicheza, taratibu mno, herufi moja baada ya nyingine, nami nilikuwa nataka kumpokonya.

"Usiliandike," alisema.

"Mama, kila mtu ameliona."

"Usiliandike wewe."

"Koti umewapa. Koti umelibeba mwenyewe kichwani mpaka mjini. Jina unawanyima?"

"Koti linaweza kurudishwa," alisema, akarudisha ungo wake magotini.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia miaka kumi na miwili tunaishi na mtu asiyekuwapo na anakula zaidi yetu sote. Nilimwambia kama yeye hataki kuwa mjane basi mimi nataka kuwa yatima, angalau nijue nilivyo. Maneno hayo yalitoka yakiwa yamepangika, kumbe nilikuwa nimeyaweka siku nyingi. Mama aliendelea kuchambua maharage, mabovu huku, mazima huku. Sikulala kwa hasira, na asubuhi nilikwenda ofisini kabla ya mlinzi kufungua. Nilipiga nakala tatu. Jina la kumi na nne nililipiga kwa nguvu hadi herufi zikatoboa karatasi.

Majina yalikuwa yaandikwe kwenye kibao cha saruji chini ya miguu ya sanamu. Fundi alikuwa na namna yake. Alipaka utepe wa saruji laini wa kutosha majina machache, akapiga mistari kwa rula, akaandika kwa msumari ingali mbichi, kisha akapaka utepe mwingine. Ilibidi kwenda na saruji. Ukiwahi mno herufi zinajifunga zenyewe, ukichelewa msumari hauingii, na kwa upepo wa kwetu muda baina ya hayo mawili ni mfupi. Kwa vile alihofia kukosea majina ya Kifipa, ofisi ilinituma nikae pembeni nimsomee. Nilisoma la kwanza hadi la kumi na tatu. Sauti yangu ilikuwa kavu na miguu haitulii, fundi akaniuliza kama nina haja ya kwenda chooni.

Alikuwa ameshapaka utepe wa jina la kumi na nne na la kumi na tano mama alipofika. Alikuja kuchukua koti, kazi ya sanamu ikiwa imeisha. Fundi alimkabidhi kwa aibu, maana mkono mmoja wa koti ulikuwa na doa la saruji. Mama hakulijali. Aliinua macho akamtazama askari kwa muda mrefu.

"Mabega umeyapandisha," alisema. "Ya kwake yanashuka kidogo."

"Nisamehe, mama."

"Si kitu. Labda ni baridi."

Kisha akaiona karatasi mkononi mwangu. Aliichukua, akasoma na midomo yake ile, akafika. Hakunitazama hata kidogo. Alimwambia fundi, "Hilo lipite."

Fundi akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa ofisi. Ningeweza kusema lipite, nikaeleza baadaye, na bosi wangu asingefuatilia. Nilisema, "Andika, fundi."

Akainua msumari. Mama akapiga magoti. Watu wa kwetu hupiga magoti kusalimia, kwa hiyo kwa sekunde nilidhani anataka kumwomba. Akanyoosha mkono wake wa kulia akauweka juu ya saruji mbichi, pale pale kati ya mistari miwili, kiganja chote kimelala. Akatulia hivyo.

"Mama, inakauka," fundi alisema kwa upole.

"Naiona."

Niliwahi kusimama kwenye foleni za sukari, niliwahi kusubiri gari la Mbeya siku mbili kule Laela kwenye tope, lakini sijawahi kuona muda mrefu kama ule. Upepo ulikuwa unavuma. Watu wa sokoni walipita wakapunguza mwendo. Nilizunguka sanamu mara tatu, nne, nikarudi, nikakuta hajasogea, vidole vimeanza kuwa vyeupe. Nilitaka kumwinua kwa nguvu na nilitaka kulia. Fundi alichuchumaa kando yake, akawa anamwambia habari za Kyela, za mpunga na ndizi na joto, na mama akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, kama wako kibarazani. Baadaye sana fundi aliinamisha msumari pembeni, akajaribu kwa ncha, ukateleza. Akanitazama akatikisa kichwa. Mama akauondoa mkono. Fundi alilainisha alama ya kiganja kwa mwiko na tope jembamba la saruji, lakini kuandika hakukuwezekana tena. Jina la kumi na tano aliliandika siku ya pili kwenye utepe mpya. Kati yake na la kumi na tatu ikabaki nafasi tupu.

Siku ya kuzindua mnara mama hakwenda. Mgeni wa heshima alisoma majina kutoka kwenye karatasi niliyopiga mimi, kwa hiyo jina la baba lilisomwa kwenye kipaza sauti, likasikika hadi stendi. Baba mdogo, aliyekuja na suti ya mtumba iliyompwaya, alifuta machozi. Baadaye alisogea kwenye kibao, akapitisha kidole, akafika kwenye nafasi.

"Hapa pana nani?"

"Kaka yako, baba," nilimjibu.

Aliondoa kidole, akasema, "Shemeji anatufungia njia." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. Mimi nilimuunga mkono kwa moyo wote, na miezi michache baadaye ofisi ilipopunguza wafanyakazi na jina langu likawa miongoni mwao, sikusikitika. Nilichukua kiinua mgongo changu nikaenda Mbeya kuuza mitumba. Nilimwambia mama nitarudi baada ya mwezi. Nilikaa mwaka na nusu kabla ya kurudi mara ya kwanza.

Mbeya nako sikutulia. Nilihama vyumba, nilihama vichochoro vya soko, nilikuwa na mtu kisha sikuwa naye. Nilikuwa nikirudi Sumbawanga na robota moja au mawili, nikalala Mollo siku mbili, nikagombana kidogo na mama kuhusu bati, nikaondoka. Mnara nilikuwa naupita bila kuutazama. Ulishachakaa. Ulibandikwa matangazo ya vyama vya siasa, tabaka juu ya tabaka, na kijana mmoja muuza mitumba alikuwa ametandaza turubai pale chini na kutundika makoti ya wanawake kwenye mkono wa askari.

Safari moja nilisimama kwa kijana huyo kumuuzia robota.

"Mambo, dada," alisema.

"Poa. Hapa si pa kutundikia nguo, unajua?"

"Mshikaji mwenyewe halalamiki," alisema akimgonga askari gotini. Kisha akashusha sauti. "Anayelalamika ni bibi mmoja tu. Akija ananiambia niondoe, naondoa, nampisha afanye kazi yake."

"Kazi gani?"

"Si anachonga. Siku za soko, akishauza maharage. Ana msumari na jiwe. Mwanzoni nilidhani kichwa hakiko sawa, lakini ni mpole, ananisalimia vizuri kuliko wateja."

Nilisogeza makoti. Kwenye ile nafasi kati ya jina la kumi na tatu na la kumi na tano palikuwa na herufi nne. Zilikuwa pana, zimekwaruzwa kwenye saruji kavu, mstari kwa mstari, zimerudiwa labda mara mia kila moja. Jina la baba lina herufi sita.

Nilikwenda Mollo kwa miguu, karibu kukimbia. Nilimkuta anafukia nyasi kwenye matuta.

"Mama, ungeniambia ningeleta fundi. Saa moja tu, imekwisha."

"Najua," alisema.

"Sasa kwa nini?"

Aliegemea jembe. "Wewe ulitaka afe siku moja," alisema. "Mimi siwezi siku moja."

Nilikaa chini kwenye tuta. Hakuwa ananilaumu, alikuwa ananieleza, kama mtu anavyoeleza kwamba hawezi kubeba gunia zima, anabeba kidogo kidogo. Nililia pale shambani, na yeye akaendelea kufukia nyasi mpaka nilipomaliza, kisha akaniambia niingie ndani uji uko jikoni. Usiku ule sikuzungumza habari ya bati.

Herufi ya tano niliikuta kiangazi kilichofuata. Mwaka mwingine ukapita, herufi ya sita haikutokea. Nilijikaza nisiulize, lakini siku ya kuondoka mdomo ukanishinda. Tulikuwa tunasubiri basi pale barabarani, askari mbele yetu.

"Imebaki moja, mama."

"Najua."

"Utaiweka?"

"Hiyo niachie," alisema, akanifunga skafu shingoni kana kwamba bado nina miaka minane.

Alifariki msimu wa baridi, kwa kifua, wiki moja tu, na nilimkuta bado anaongea. Hakusema habari ya baba. Aliuliza kama mahindi ya Mpui yamepata bei. Tulimzika Mollo. Safari hii mkeka ulitandikwa na mimi ndiye niliyekaa juu yake, siku zote, nikiwa nimejifunika lile koti kwa sababu kulikuwa na baridi na kwa sababu hakuna aliyethubutu kunikataza. Kwenye mfuko wa ndani nilikuta msumari wa inchi sita, ncha imeliwa ikawa butu, na jiwe dogo lililolingana na mkono wake.

Siku ya kumaliza msiba baba mdogo aliniita kando. Alikuwa mzee sasa, ndevu nyeupe. Alisema, mwanangu, mama yako amekwenda, hakuna tena wa kuzuia. Malizia jina la kaka, tuwaweke pamoja wawili, tulale. Aliomba kwa adabu kabisa. Nami nilikubali, kwa sababu ndicho nilichokidai tangu ujana wangu, na kwa sababu nilikuwa na msumari mfukoni.

Tulikwenda asubuhi, upepo mkali. Kijana wa mitumba alishahama, amefungua duka. Baba mdogo alibaki barabarani ameshika kofia yake, mimi nikapiga magoti mbele ya kibao. Nilipitisha kidole kwenye herufi tano, nikasikia mahali alipoteleza na mahali alipokaza. Niliweka ncha ya msumari, nikainua jiwe, nikagonga. Ilitoka alama ndogo, ndogo kuliko punje ya ulezi. Nikainua jiwe tena. Mkono ukabaki juu. Nilijaribu kujisukuma kama nilivyojisukuma maisha yangu yote, nikajiambia ni herufi moja, ni dakika kumi, basi liko stendi.

Sikuweza. Niliweka kiganja juu ya ile nafasi iliyobaki, nikaisikia baridi yake, nikakaa hivyo.

"Umemaliza?" baba mdogo aliuliza kwa nyuma.

"Bado, baba."

Alisubiri. Basi la Mbeya lilipita likapiga honi, konda akining'inia mlangoni anaita, na mimi sikugeuka.

"Sasa unasubiri nini, mwanangu?"

Niliutia msumari kwenye mfuko wa koti, nikafunga vifungo, cha kwanza, kisha nikaruka kwenda cha tatu. Nilimwambia twende nyumbani, nitakuja tena siku ya soko.